Waliojenga majabalini hawakutoweka, na saruji si dawa ya ukuta wa kale

Kwa Mhariri,

Picha ya nyumba za mawe zilizojengwa ndani ya majabali ya Mesa Verde kule Marekani, mliyoitoa katika ukurasa wenu wa utalii, imezungumzwa sana kwenye mabaraza ya Lamu. Wajuao kazi ya mawe waliitazama kwa jicho la kifundi: kuta zimesimama, pembe zimekaa, na wajenzi wake hawakuwa na hata kibaba kimoja cha saruji. Lakini maandishi ya chini ya picha yalikuwa na makosa mawili. Yalisema nyumba hizo ni fumbo la watu waliotoweka, tena yakasema zimekaa miaka 700 bila kuguswa. Kosa la kwanza linawavunjia heshima watu walio hai. La pili linaweza kubomoa nyumba hapa kwetu, na ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu.

Watu kwanza. Wazao wa wajenzi hao ni Wahopi wa Arizona, Wazuni, watu wa Acoma na Laguna, na wenyeji wa vijiji vilivyo kando ya mto Rio Grande katika jimbo la New Mexico. Kwa jumla huitwa Wapueblo, kutokana na neno la Kihispania lenye maana ya mji au kijiji. Jina Anasazi, lililotumiwa na vitabu vingi vya zamani, limetoka kwa majirani zao Wanavajo na hufasiriwa kuwa mababu wa maadui. Wapueblo wengi hawalipendi, na gazeti halina sababu ya kulirudia. Mababu zao waliondoka majabalini, wakajenga kwingine. Sisi tunao mfano wa hayo pale kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Mji wa Takwa uliachwa katika karne ya 17, nyumba zikawa magofu, lakini watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, bado huvuka maji kwenda kusoma dua kwenye kaburi lenye nguzo. Hakuna mtu wa hapa atakayekubali kuambiwa kuwa watu wa Takwa walitoweka.

Mesa Verde iko kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado. Ni tambarare iliyoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ikakatwakatwa na makorongo marefu. Tangu kiasi cha mwaka 550 watu waliishi huko juu, karibu na mashamba yao ya mahindi, maharagwe na maboga, wakafuga bata mzinga. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1190 wakaanza kujenga chini, ndani ya mapango mapana yaliyo kwenye kuta za makorongo, na kufikia 1300 walikuwa wamekwisha hama wote. Kwa hiyo nyumba zinazopigwa picha zilikaliwa miaka mia hivi tu. Hifadhi ya taifa ya huko ina karibu mabaki 5,000 ya kale, na kati yake nyumba za majabalini ni kama 600 tu. Nyingi ni ndogo: robo tatu yake zina chumba kimoja hadi vitano. Ile ya picha yenu, Cliff Palace, ni mji mzima kwa kipimo cha huko, wenye vyumba kama 150, na inakisiwa walikaa humo watu mia hivi.

Pango lenyewe lilichimbwa na maji. Jabali la juu ni la jiwe la mchanga, lenye vitundu vidogo vinavyopitisha maji. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya kwenda chini mpaka ikutane na tabaka la mwamba wa udongo uliogandamana, usiopitisha kitu. Hapo maji hugeuka, yakatafuta njia ya ubavuni, yakatokea kwenye uso wa jabali. Wakati wa baridi yanaganda ndani ya nyufa, barafu inatanuka, na vipande vya mwamba vinabanduka. Miaka na miaka ya kubanduka hivyo huacha upenu mkubwa wenye dari ya mwamba. Wajenzi walipata hapo sakafu kavu, paa lisilovuja, na mara nyingi chemchemi ndogo nyuma kabisa ya pango. Mapango mengi waliyoyachagua yanatazama kusini. Kule kaskazini mwa dunia jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini, likaingia hadi ndani na kupasha kuta moto; jua la kiangazi likiwa juu, dari ya mwamba hulizuia na nyumba zikabaki kivulini. Mjenzi wa Lamu anayegeuza daka na kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) kufuata upepo na kivuli anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Sasa kazi ya mikono. Sakafu ya pango haikuwa sawa. Ilijaa majabali yaliyoanguka na ilielekea bondeni. Kwa hiyo walianza kwa kujenga ukuta wa kuzuia kwa mbele, wakajaza kifusi nyuma yake hadi wapate uwanja. Mawe waliyapata palepale. Hawakuwa na chuma. Jiwe la mchanga waliligonga kwa mawe magumu zaidi yaliyookotwa mitoni, wakalichonga likawa kama mkate mdogo, na alama za kugongwa zinaonekana hadi leo kwenye nyuso za kuta bora. Kilichoshika jiwe na jiwe ni udongo wa hapohapo, maji na majivu. Hakukuwa na chokaa. Udongo mbichi ukikauka hupungua, na safu nene ya udongo hupasuka. Ndiyo maana wakati udongo ungali laini walipigilia vijiwe bapa kwenye kila kiungo. Vijiwe hivyo hujaza nafasi, hubeba uzito wakati udongo unakauka, na huzuia maji kuuosha haraka. Wapo wanaovidhania kuwa pambo. Fundi akivitoa ili kiungo kionekane safi, ukuta utaanza kushuka.

Mahali pengine ukuta hauna msingi ila mwamba mtupu, na pengine umekaa juu ya jabali lililoanguka, umelifuata umbo lake kama nguo. Mahali pa namna hiyo panatazamwa sana na watunzaji, kwa kuwa jabali likisogea kidole kimoja, ukuta wote unasogea.

Vyumba vilikuwa vidogo. Cha kawaida kina kiasi cha mita 1.8 kwa 2.4, nafasi ya kulala watu wawili watatu. Nyuma kabisa, penye giza, waliweka nafaka, mlango ukazibwa kwa bamba la jiwe na udongo ili panya wasiingie. Dari ilipigwa karibu kama yetu: magogo makubwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake fito nyembamba zilizolala kukata, kisha magome na majani, na mwisho udongo uliogandamizwa. Dari hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu. Magogo yalikuwa ya msonobari na ya mti ulio jamii moja na mtarakwa wa bara. Nyumba iitwayo Square Tower House ina mnara wa ghorofa nne, kama mita 8, na ukuta wake wa nyuma ni jabali lenyewe. Kuta za ndani zilipakwa udongo laini, mwekundu, wa njano au mweupe, na mabaki ya michoro yapo. Lipu hiyo ndiyo iliyotangulia kuliwa na upepo na maji, kwa hivyo mawe matupu tunayoyaona pichani sivyo vyumba vilivyokuwa vikionekana na wenyewe.

Mbele ya vyumba kulikuwa na nyua, na chini ya nyua kulikuwa na kiva. Kiva ni chumba cha mviringo kilichochimbwa ardhini, upana wake kiasi cha mita tatu na nusu hadi nne, na Wapueblo hadi leo wanazo kiva zao za ibada na mashauri. Ufundi wake unastahili kuelezwa. Ukutani panazunguka baraza la jiwe, na juu ya baraza zimejengwa nguzo fupi, kwa kawaida sita. Magogo ya kwanza hulazwa kutoka nguzo hadi nguzo, ya pili hukata pembe za ya kwanza, ya tatu hukata za ya pili, na kila mzunguko shimo la kati linapungua. Hivyo chumba kipana kinaezekwa kwa magogo mafupi. Juu hujazwa udongo hadi usawa wa ua, watoto wakacheza juu yake. Mtu anaingia kwa ngazi kupitia tundu la katikati, ambalo pia ndilo la moshi. Moto ukiwaka chini, hewa moto inapanda kwa tundu hilo na kuvuta hewa safi kupitia mfereji uliojengwa ubavuni kama bomba. Kati ya mdomo wa mfereji na moto huwekwa jiwe au kijikuta kifupi ili upepo usipeperushe majivu. Sakafuni pana kitundu kidogo kiitwacho sipapu, alama ya mahali walipotokea mababu kuja duniani. Mgeni asikichukulie kuwa shimo la kutupia sarafu.

Namna tarehe zake zilivyojulikana nayo ni ya kifundi. Mti wa nchi yenye baridi huongeza duara moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua, jembamba mwaka wa ukame. Mwanaastronomia A. E. Douglass alilinganisha maduara ya miti hai na ya magogo ya kale, na mwaka 1929 gogo moja lililopatikana Show Low, Arizona, liliunga mfululizo uliokuwa umekatika. Tangu hapo gogo lenye ukingo wake wa nje likipimwa hutoa mwaka lilipokatwa. Tahadhari ni kuwa mwaka wa kukatwa si lazima uwe mwaka wa kujenga, kwa kuwa magogo mazuri yalitolewa nyumba kuukuu na kutiwa mpya, kama vile boriti nzuri ya mkoko inavyohama nyumba hadi nyumba Lamu. Maduara hayohayo yanaonyesha ukame mkali kati ya 1276 na 1299. Ukame haukuwa sababu pekee. Mashamba yalikuwa yamechoka, kuni zimepungua, na kuna dalili za mapigano. Lakini mvua ilipokatika kwa mtu anayelima bila kumwagilia, kubaki kulikuwa kugumu.

Sasa tuje kwenye yale maneno "bila kuguswa". Wafugaji wawili, Richard Wetherill na Charlie Mason, waliiona Cliff Palace mwezi wa Desemba 1888. Wauti, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakiijua siku zote. Baada yao wakaja watafuta vitu. Walilala humo majira mazima ya baridi, wakachoma magogo ya dari kama kuni, wakalipua kuta kwa baruti ili mwanga uingie kwenye vyumba vya nyuma. Kila gogo lililoungua liliondoka na mwaka wake. Gustaf Nordenskiöld wa Sweden alichimba mwaka 1891, kwa utaratibu kuliko wengine, akapeleka aliyoyapata Ulaya. Mkusanyiko huo uliishia Helsinki, na mifupa ya watu pamoja na vitu vya makaburini vilirudishwa kwa wazao mwaka 2020. Wakati wa uchimbaji wake hapakuwa na sheria ya kumzuia. Sheria ya Marekani ya kulinda mambo ya kale ilipitishwa 1906, na Mesa Verde ikawa hifadhi ya taifa Juni ya mwaka huohuo. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia 1978. Mji wa kale wa Lamu uliingia 2001.

Mtafiti wa mambo ya kale Jesse Walter Fewkes alianza kuimarisha nyumba ya majabalini iitwayo Spruce Tree House mwaka 1908, kisha Cliff Palace 1909, na mwaka 1910 Jesse Nusbaum akashika nyingine, Balcony House. Kuta zilizokuwa zikianguka zilisimamishwa, na bila kazi hiyo zipo nyumba ambazo leo zisingekuwepo hata za kupigwa picha. Tangu hapo hapajapita kizazi bila mafundi kupanda majabali yale na ndoo za udongo. Kwa hiyo nyumba hizo zimeguswa, tena sana. Na mahali pengi zimeguswa vibaya kwa nia njema, maana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 dawa ya kila ufa ilikuwa saruji.

Yaliyotokea yanaelezeka kwa urahisi. Jiwe la mchanga ni laini na linapitisha maji. Saruji ikikauka ni ngumu na inapitisha kidogo mno. Unyevu ulio ndani ya ukuta unatafuta pa kutokea. Kiungo kikiwa cha udongo, unyevu hutokea kwenye udongo, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hukauka na kuvimba humohumo. Udongo unadondoka kidogo kidogo, fundi anajaza mwingine. Kiungo kikizibwa kwa saruji, njia inayobaki ni jiwe lenyewe. Chumvi sasa inavimba ndani ya jiwe, baridi ikija maji yanaganda ndani ya jiwe, na uso wa jiwe unamomonyoka unga. Baada ya miaka utaona ajabu ya kusikitisha: viungo vya saruji vimesimama nje kama mbavu, na mawe ya kale kati yake yamebonyea. Udongo ungeliwa, ungerudishwa kwa mwiko nusu saa. Jiwe lililochongwa kwa jiwe mwaka 1230 halirudishwi.

Ndiyo sababu watunzaji wa huko waligeuka, wakarudi kwenye viungo vya udongo uliolinganishwa kwa rangi na chembe na ule wa asili, pengine ukiongezwa gundi kidogo ya kiwandani ili usioshwe upesi. Kazi kubwa zaidi ni ya maji. Maji yanayotiririka juu ya uso wa jabali hukata kona ya dari na kuingia pangoni. Huko hubandikwa mstari mwembamba wa mpira wa silikoni kwenye mwamba, juu ya nyumba, ili tone likifika hapo lidondoke nje badala ya kutambaa ndani. Maji ya nyuma ya pango huongozwa yapite pembeni, yasilowanishe kifusi kilichobeba kuta za mbele. Na dari yenyewe bado inabanduka kama ilivyokuwa ikibanduka kabla ya watu kufika: mwaka 2015 Spruce Tree House ilifungwa kwa wageni kwa ajili ya mawe kuanguka.

Kwenye udongo mtupu funzo lilikuwa la haraka zaidi. Kanisa la San Francisco de Asís, Ranchos de Taos, New Mexico, limejengwa kwa matofali ya udongo. Mwaka 1967 lilipakwa lipu ya saruji ili waumini wapumzike na kazi ya kukandika kila mwaka. Saruji ikapata nyufa nyembamba, maji yakaingia na hayakuweza kutoka, kuta zikawa tope nyuma ya ngozi ngumu. Mwaka 1979 wakaibandua, wakarudia udongo, na tangu hapo wenyeji hukusanyika kila mwaka kukandika upya.

Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haikusema uuzibe kwa nini, kwa sababu waliotunga walikuwa na chokaa tu.

Ukuta wa Lamu ni jamaa wa karibu wa ukuta ule. Tumbawe lina vitundu vingi kuliko jiwe la mchanga. Ukuta ni mnene, kama nusu mita, umejazwa vifusi vya tumbawe na chokaa kati, na umekaa juu ya ardhi yenye maji ya chumvi karibu. Hatuna barafu, lakini tuna chumvi, na chumvi inafanya kazi ileile: huyeyuka masika, huganda kaskazi, ikiganda huvimba. Ukuta wa chokaa unavuta maji kutoka chini hadi kimo cha goti au kiuno, kisha unayatoa kwa upepo. Ukiupaka saruji kutoka sakafuni, hukukausha kitu. Umesukuma unyevu upande juu, na mwaka wa pili au wa tatu utauona kwenye kimo cha kifua cha mtu, kisha kwenye ncha za boriti. Ncha ya boriti iliyolala ndani ya ukuta mbichi usiopumua huoza ndani ilhali nje inaonekana nzima. Hatari kuu ni hiyo, kwa kuwa dari yetu ya tumbawe na chokaa ni nzito sana. Boriti zikikatika ncha, dari nzima inakuja chini.

Kubadili dari kwa zege si njia ya kutoroka. Nondo zikikutana na hewa ya bahari na mchanga usiooshwa hupata kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani; na uzito wake wote umewekwa kwenye kuta zisizojengwa kuubeba.

Kwa mwenye nyumba ambaye kuta zake zimekwisha pakwa saruji, kazi inaanza kwa kutafuta chanzo cha maji, maana kubandua lipu huku birika la choo linavuja ni kutupa fedha. Tazama birika la kale (lile linalowekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu), bomba lililofichwa ukutani, karo, mfereji wa paa na uchochoro wa nyuma ambao umeinuliwa kwa zege hadi maji ya mvua yanaegemea nyumba yako. Hayo yakitengenezwa, bandua saruji mwanzo wa kaskazi, Desemba au Januari, ukianza chini hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Tumia patasi na nyundo ndogo, ukisukuma patasi sambamba na ukuta. Mashine ya kutoboa inapasua tumbawe. Jaribu kwanza sehemu ya ukubwa wa sinia: ikiwa saruji inatoka na uso wa jiwe, acha kipande hicho, bandua kilicholegea tu, maana pengine madhara ya kutoa ni makubwa kuliko ya kuacha.

Kisha subiri. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukuta mnene uliofungiwa miaka unahitaji kaskazi nzima kukauka, na unga mweupe utatokea juu yake. Ufagie kwa burashi kavu, uuchukue, utupe mbali. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani.

Lipu mpya ni karai moja ya chokaa iliyoloweshwa kwa makarai matatu ya mchanga. Chokaa iwe imekaa chini ya maji majuma kadhaa, na ikikaa miezi ni bora. Wakati wa kulowesha, tia chokaa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya chokaa iliyotoka tanuuni inaruka na kuunguza macho. Mchanga utoke bara na uoshwe kwa maji matamu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na ule wa matuta ya Shela usiguswe hata kidogo, kwani matuta hayo ndiyo yanayotunza maji matamu ya kisiwa. Lowesha ukuta kabla ya kupaka, paka unene wa sentimita moja kwa mara, na usipake safu ya pili kabla ya wiki moja au zaidi kupita. Chokaa haikauki tu kama tope; inashika kwa kuvuta hewa polepole huku ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na upepo wa kaskazi siku moja inageuka unga. Kwa hiyo tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta siku kadhaa za mwanzo, uyanyunyize asubuhi na jioni.

Wapo wanaotia kibaba cha saruji kwenye chokaa ili ishike upesi. Wanapata ukuta wa siku tatu na kupoteza kinga yenyewe, kwa kuwa kadiri saruji inavyoongezeka ndivyo lipu inavyokuwa ngumu kuliko tumbawe, na tumeshasema mgumu anapoungana na laini anayeliwa ni nani. Wapo pia wanaopaka rangi ya mafuta juu ya chokaa nzuri. Ni ngozi ileile ya saruji kwa jina jingine. Juu ya lipu ya chokaa pakwe maji ya chokaa, mara tatu au nne, nyembamba kama maziwa.

Tunajua chokaa ina gharama yake. Inachukua siku nyingi, mafundi wanaoijua ni wachache, na mfuko wa saruji uko kila duka. Mwenye nyumba asiye na uwezo wa kufanya ukuta mzima afanye hivi: azuie maji, abandue saruji ile iliyolegea ya chini, auache ukuta wazi msimu mmoja. Hayo matatu hayahitaji kununua kitu. Anayetaka kugusa sehemu yenye nakshi, zidaka au tumbawe laini lililochongwa asianze kabla ya kuomba idhini na ushauri wa Makumbusho ya Taifa, yanayosimamia urithi huu chini ya sheria ya mwaka 2006.

Kwako Mhariri, tunaomba maelezo ya picha yasahihishwe hivi: kwamba nyumba hizo zilijengwa na mababu wa Wapueblo wa leo kati ya miaka ya 1190 na 1280, kwa mawe ya mchanga na udongo, na kwamba zinakarabatiwa tangu 1908. Na mkiwa na nafasi ya picha ya pili, itoeni ya karibu, inayoonyesha kiungo cha udongo chenye vijiwe vilivyopigiliwa, ili mwenye nyumba wa Mkomani aweze kuishika mkononi na kuilinganisha na ukuta wake.

Mafundi wa mawe na chokaa,
Mkomani, Lamu